Mlango wa Mama Paulina

Bagara, Babati

Mwanangu Daniel,

Usiifungue barua hii kabla ya Kondoa. Ukiisoma stendi utashuka uje kunikumbatia mbele ya makondakta na wauza karanga, na mimi nimeshaapa kwamba kesho silii. Ukiisoma Bereko utanipigia simu, na sitapokea. Kondoa ni mbali ya kutosha. Hapo utakuwa umeshakula mayai yako, umeshasinzia kidogo, na jirani yako kwenye kiti atakuwa amechoka kukuuliza kwenu ni wapi.

Mambo ya soksi, chandarua na kutunza simu nimeshakuambia mpaka nikakusikia ukimweleza mwenzako kwamba mama amekuwa redio. Haya, redio imezimwa. Hapa sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Nataka kukuambia habari ya kibuyu.

Kile kibuyu ulichokinusa mchana ukakunja uso. "Mama, hiki kitanukisha begi zima. Dodoma kuna maziwa, tena ya pakiti." Nikakukaripia, nikasema kama hukitaki kibuyu acha na begi lenyewe. Ningekueleza pale pale, lakini unanijua. Mdomo wangu unajua kukaripia na kukaribisha, mambo ya katikati hauyawezi. Ndiyo maana nimechukua kalamu sasa hivi, umetoka kwenda kuwaaga wenzako, na nyumba imenyamaza kabla hata hujaondoka.

Kibuyu hicho ni cha dada yako Paulina. Kimetoka kwa Mama Gidamis wa Mutuka. Habari yake unaijua kwa vipande, kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa, vingine umevisikia kwa majirani na vingine umevisoma kwenye uso wangu. Leo nakupa yote, kwa sababu kesho unakwenda kulala chini ya paa la mtu ambaye mimi nilimnyima paa. Sitaki uingie kwake ukiwa hujui umepewa nini.

Unakumbuka jioni uliponiambia hosteli za chuo zimejaa? Nilikuwa nakatakata vitunguu.

"Usijali, mama. Nitakaa kwa dada."

"Dada gani?" nikakuuliza, utadhani nilizaa mabinti kumi.

Ulibonyeza simu ukaiweka mezani karibu na kisu changu, ikaita mara mbili tatu, halafu nikasikia sauti ambayo ilikuwa imekua, imekuwa sauti ya mama wa mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema. Neno moja. Baada ya miaka yote hiyo nilikuwa na neno moja, tena ni lile ambalo kila mtu mzima analisema hata akiwa usingizini.

Kisha akasema, "Daniel aje tu. Chumba kipo. Ni kidogo, yeye na begi lake watabanana, lakini kipo." Ukaichukua simu ukatoka nayo nje, mkawa mnacheka. Mimi nikaendelea na vitunguu, na nilishukuru kwamba ni vitunguu.

Tuanze na sifa zangu, maana zilikuwepo. Nyumba hii ilijulikana Bagara nzima kwa ukarimu. Mtu akishuka kwenye basi la jioni kutoka Mbulu na ndugu yake hapokei simu, bodaboda walikuwa wanamwambia, "Nenda kwa Mama Paulina, utapata pa kulala." Walimu wapya, mafundi, wanakwaya waliotoka vigango vya mbali, wote wamelala kwenye yale makochi. Chupa yangu ya chai haikuwahi kukauka. Ukutani palikuwa na kile kitambaa nilichokidarizi mwenyewe, Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kila aliyeingia alikisoma kwa sauti na kunisifu kwa mkono mzuri. Nilipenda sana kile kitambaa kusomwa.

Siwezi kusema nilikuwa naigiza. Niliwapenda wageni. Lakini nilipenda pia wanavyosema wakitoka, na vitu hivyo viwili nilivipika chungu kimoja kwa muda mrefu mpaka nikashindwa kujua ni kipi ninachokula.

Dada yako aliniambia siku ya Alhamisi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na wewe ulikuwa darasa la tatu. Baba yako alikuwa safarini na lori, kanda ya ziwa. Jumamosi jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwetu, na Paulina alikuwa ananisaidia kukanda unga wa maandazi. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko.

"Mama," akasema, "nina mimba."

Na mimi mama yake, mama wa wageni wote, nikasema: "Watu wanakuja Jumamosi."

Daniel, hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza. Nimeyageuza kila upande kwa miaka mingi nikitafuta maana nyingine iliyo bora, sijaipata. Sikumuuliza kama anaumwa. Sikumuuliza ni nani, wala kama alilazimishwa. Niliona viti, vikombe na macho ya watu.

Yaliyofuata niliyasema kwa mdomo wa mabibi. Unajua kwetu milimani, tangu kabla ya kanisa, binti aliyeshika mimba kabla ya kuolewa hakuzalia chini ya paa la wazazi wake. Ilisemwa analeta mkosi kwa nyumba, kwa mifugo, hata kwa mashamba ya majirani. Wasichana walitolewa wakaenda kuzalia mbali, wengi kwa watu wa kabila jingine ambao mkosi huo hauwahusu. Mimi nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga. Nimefundisha watoto sala. Mkosi sikuuamini hata kidogo, na ungeniuliza kanisani ningekucheka. Lakini siku ile niliuokota kwa sababu ulinifaa. Nikamwambia, "Unajua kwetu. Huwezi kuzalia hapa." Ilikuwa rahisi kuwasingizia mabibi kuliko kusema naona aibu.

"Niende wapi?" akaniuliza.

"Utaona."

Alimaliza kukanda ule unga. Hilo nalo nataka ulijue. Hakutupa kitu wala hakupiga kelele. Alikanda, akaufunika, akanawa mikono. Ijumaa asubuhi alitoka na mfuko mmoja nami nikiwa sokoni kwenye mbaazi zangu, na niliporudi nilikuta maandazi yamechomwa yote na kupangwa kwenye beseni, yamefunikwa na kitambaa safi.

Jumamosi jumuiya ilikuja. Tuliimba, tukasali, wakala yale maandazi wakayasifu. Mwenyekiti wetu akauliza, "Paulina yuko wapi leo, atuanzishie wimbo?" Nikasema amekwenda Mbulu kwa shangazi yake. Wakamwombea safari njema. Nami nikaitikia "Amina" kwa sauti, na nikawaongezea chai.

Mwisho wa mwaka ule, kama kila mwaka, mimi ndiye niliyepanga pango la Noeli kanisani. Nilikata majani, nikatengeneza mlima kwa karatasi za mifuko ya saruji, nikaweka ng'ombe na kondoo. Nilikuwa nimemshika mkononi Mama Maria wa udongo, namtafutia mahali atakaposimama vizuri, ndipo nikakumbuka ni kwa nini alizalia zizini. Nilimweka chini haraka, nikamwambia mwenzangu kichwa kinaniuma, nikarudi nyumbani. Mwaka uliofuata nikasema sina nafasi ya kupanga pango. Mpaka leo wanadhani nilikwazwa na mtu.

Baba yako alirudi kutoka kwenye safari ile akakuta kiti kimoja kitupu. Alikuwa mtu wa maneno machache, unamkumbuka. Alikaa, akatazama kile kitambaa ukutani, akauliza, "Kwa hiyo wote wanakaribishwa isipokuwa yeye?" Hakuniuliza tena. Alianza kupitia Mutuka kila akitoka safari, na mimi nilijifanya sijui kwa nini mchele unapungua.

Maana Paulina alikuwa Mutuka. Sasa nikuambie Mama Gidamis ni nani, kwa sababu wewe ulimwona tu akipita na madumu yake.

Alikuwa anatuletea maziwa kila asubuhi. Mama wa Kibarbaig, mrefu, mwenye bangili nzito na chale kuzunguka macho, Kiswahili chake cha kuokoteza. Miaka mingapi alituletea maziwa sijui, lakini hakuwahi kukaa kwenye makochi yangu. Nilikuwa nampokelea mlangoni, namimina maziwa kwenye sufuria, nampa hela yake, basi. Jua likiwa kali nilimpa maji, naye alikunywa akiwa amesimama kwenye kibaraza. Haikunijia akilini kwamba ni mgeni. Mgeni kwangu alikuwa mtu wa kukaa kwenye kochi akasoma kitambaa. Huyu alinuka moshi na ng'ombe, na sisi watu wa milimani na wao tuna mambo yetu ya zamani, ya mifugo kuibiwa na mashamba kulishwa, ambayo hakuna anayekufundisha lakini unakua nayo.

Ijumaa ile alikuwa anarudi kwake na madumu matupu akamkuta dada yako amekaa kando ya barabara. Hakujua habari yoyote. Alimwona na mfuko, akaona uso, akamtwisha dumu moja kichwani kama mtu anayempa mtoto wake kazi, wakaenda. Akampa kitanda chake cha ngozi. Yeye akalala chini, karibu na mbuzi. Dada yako alikaa pale mpaka akajifungua, mpaka mtoto wake Rehema akaanza kukaa mwenyewe bila kushikiliwa, ndipo akaenda Dodoma kutafuta maisha.

Na Mama Gidamis aliendelea kuniletea maziwa, Daniel. Kila asubuhi. Hakuwahi kunisimanga. Alisimama mlangoni na kusema kwa sauti yake kubwa, "Mama Paulina! Maziwa!"

Baba yako aliponiambia mtoto amezaliwa, nilikwenda. Nilipanga nepi na sabuni na sukari kwenye kikapu nikapanda bajaji mpaka barabara inapoishia, nikatembea. Njiani nilikuwa najiambia maneno ya kusema. Nilipofika kwenye boma, Mama Gidamis alitoka, akanifurahia kwa moyo wote, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. "Ingia, ingia ndani. Mtoto iko ndani."

Mlango wake ulikuwa mfupi, wa kuinama. Nilisimama pale mbele yake, na yale niliyoyaokota kwa mabibi yakanirudia. Safari hii sikuwa nayafanyia hila, yalinishika kweli. Nyumba ya uzazi wa namna ile, na mimi nitatoka humo nirudi kwa mume wangu na kwako wewe. Ukidanganya kwa jambo kwa muda mrefu, mwisho unaliamini mwenyewe. Nikasema, "Nitasimama hapa hapa." Kibuyu nacho nikakirudisha bila kukigusa na midomo. Nikasema tumbo halipendi maziwa mgando.

Kutoka ndani nikamsikia dada yako. Hakuwa na hasira. Alisema, "Mama Gidamis, usimlazimishe."

Nikaacha kikapu chini nikaondoka. Kwa miaka mingi nilijihesabia kile kikapu kama wema. Nilisema, mbona nilipeleka nepi? Mbona nilipeleka sukari? Mwanangu, kumpa mtu kitu ni rahisi sana, hata mlango uliofungwa una upenyo wa kupitishia sahani. Kumpokea ni kazi nyingine.

Baada ya hapo jina likaanza kunichoma. Sokoni, kanisani, kwenye bajaji, "Mama Paulina, habari za leo? Mama Paulina, mbaazi bei gani?" Kila aliyeniita aliniuliza yuko wapi bila kujua. Kwa hiyo nikaanza kuwaambia watu, mimi siku hizi ni Mama Daniel. Wengine walicheka, wengine walielewa wakanyamaza, na baada ya muda likashika. Wewe umekua ukidhani ndilo jina langu. Nilikutumia wewe kumfunika dada yako, na hukuulizwa. Hilo nakuomba radhi kwa kuwa lilikuwa jina lako.

Mtu mmoja tu alikataa. "Mama Paulina! Maziwa!" Nikamwambia, "Mimi ni Mama Daniel." Akanitazama na macho yake yale yenye chale. "Mimi najua Mama Paulina. Huyo ingine mimi sijui." Kesho yake akaja tena vile vile, kwa sauti ile ile, majirani wote wanasikia. Nikamwambia asilete tena maziwa. Ndiyo maana tulianza kununua ya dukani, na wewe uliamini nilivyokuambia kwamba ng'ombe wake wanaumwa.

Halafu msiba wa baba yako. Wewe ulikuwepo, lakini ulikuwa umezama kwenye huzuni yako, sijui uliona nini. Paulina alikuja kutoka Dodoma na Rehema mgongoni. Mimi nilikuwa ndani kwenye mkeka na akina mama. Nilimwona kupitia dirisha akikaa nje kabisa, pembezoni mwa turubai, kule wanakokaa watu waliokuja kwa heshima tu na hawamjui marehemu vizuri. Alikula wali wa msiba kwenye sahani ya plastiki pamoja na madereva wenzake na baba yako. Wewe ulikwenda kukaa naye, ukambeba Rehema. Mama mmoja kati ya wale walioketi nami akaninong'oneza, "Yule si binti yako? Mwite aingie." Nikasema ataingia akitaka.

Hakuna anayeingia akitaka, Daniel. Mtu huingia akiitwa. Hodi bila karibu ni kelele tu, na yeye hata hodi hakupiga, kwa sababu mara ya mwisho alijibiwa. Jioni akaondoka na basi. Nilimzika mume wangu huku binti yangu akiwa hatua chache kutoka kwangu, na tulikuwa watu wa misiba miwili tofauti.

Sasa nifike kwenye kibuyu.

Tangu siku ile ya vitunguu sikuwa na amani. Mtu niliyemwambia "utaona" aliona, akapata chumba, na katika hicho chumba kidogo akamtolea nafasi mwanangu bila kuniuliza hata swali moja. Angeweza kukuambia ukapange. Angeweza kusema mama yako aje aniombe kwanza. Alisema kipo. Nilikuwa nasema maisha yangu yote kwamba nyumba yangu ni ya ukarimu, na sasa nimesikia ukarimu unavyosemwa, na ni neno fupi hivyo.

Juzi, ulipokwenda kupiga picha za chuo, nilikwenda Mutuka. Siku hizi bajaji inafika hadi karibu na boma. Mama Gidamis amezeeka, goti moja linamsumbua, hauzi tena maziwa mjini. Alikuwa ameketi nje anasafisha vibuyu kwa ule mti wao wa kuunguza, mkaa wake unasugua ndani mpaka maziwa yanapata harufu hiyo uliyoikunjia uso. Nilisimama mbali kidogo nikabisha hodi kama mtoto aliyetumwa.

Alikiweka kibuyu chini. "Mama Paulina," akasema. "Wewe imechelewa."

"Nimechelewa," nikasema.

"Haya. Karibu. Ingia."

Niliinama nikaingia. Ndani mna giza mpaka macho yazoee. Kitanda cha ngozi kipo pale pale. Nilikaa juu yake, na nilipokaa ndipo nilipojua nimekaa wapi, na nikalia, tena kwa sauti, mimi niliyezika mume kwa machozi ya adabu. Mama Gidamis hakunibembeleza wala hakunihubiria. Aliniacha nilie mpaka nilipomaliza, kisha akanipa kibuyu. Nikanywa. Ni maziwa mazuri, Daniel. Makali kidogo, yana moshi. Tumbo langu halina shida nayo na halijawahi kuwa na shida.

Nikamuuliza kitu nilichotaka kumuuliza miaka yote. "Kwa nini ulimchukua? Ulikuwa unajua sijawahi kukukaribisha hata ukakaa."

Akanishangaa, kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. "Nimekuta yeye barabarani. Iko na mfuko. Sasa mimi nitaacha?"

Basi. Hiyo ndiyo sababu yake yote. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jambo kubwa zaidi.

Nilipomwambia unakwenda kwa Paulina, akajaza kibuyu kingine, akakifunga kwa ngozi, akasema, "Hii ya mtoto yangu." Nilisikia wivu, nakuambia ukweli. Halafu nikaona ana haki ya kusema hivyo, na kwamba ana nafasi ya kutosha kunigawia. Jumamosi hii jumuiya inasali tena kwetu. Nimemwalika, na amekubali kuja, goti likimruhusu. Atakaa kwenye kochi la katikati. Na kabla ya wimbo wa kwanza nitawaambia wenzangu kwamba Paulina hakwenda kwa shangazi, ili kama ni kumwombea, wamwombee safari aliyokwenda kweli. Naogopa. Nimepika kwa ajili ya watu mia bila kuogopa, na hao ni akina mama kumi na kitu tu, tena ninawajua wote na vikombe wanavyovipenda.

Sijui kama nina ushauri wa kukupa. Wewe unakwenda mjini kuwa mgeni, na kuwa mgeni mwema kuna kazi yake: kula unachopewa kama unachokipenda, na ile siku ya tatu usisubiri kupewa jembe, lishike mwenyewe. Lakini siku moja utakuwa na mlango wako. Watakuja watu wa kukusifia chai, uwapokee, ni baraka. Ila mtazame yule anayekusumbua kumpokea. Yule anayekuja na mfuko na habari ambayo itakuharibia Jumamosi yako. Bwana wetu sijamwona akija na zawadi mkononi, nimemwona akija hivyo, mara moja, na unga mpaka kwenye viwiko, na sikumtambua. Nimemaliza hapo. Ningeendelea ningeanza kuwa redio.

Utaniuliza kwa nini nisipande basi nije mwenyewe. Nimewaza hilo, mpaka nikaulizia nauli. Lakini Paulina amekuita wewe, hajaniita mimi. Aliyefunga mlango hawezi kujialika kwa aliyefungiwa, halafu akakaa kwenye kiti akisubiri chai. Nitakaa nje ya mlango wake kwa muda atakaotaka yeye. Yeye alikaa nje ya wangu muda mrefu.

Chumba chake cha hapa nyumbani nimekitoa magunia ya mbaazi. Hukujua, nilifanya ulipokuwa umelala. Nimefagia, nimeweka kitanda na shuka. Usimwambie. Nisije nikawa nimeanza tena kupanga viti kwa ajili ya kusifiwa.

Kwa hiyo ukifika, fanya hivi. Bisha hodi, hata kama mlango uko wazi, hata kama ni kwa dada yako. Subiri aseme karibu. Mpe kibuyu kwa mikono miwili. Ataijua harufu kabla hujafungua, na atajua kimetoka kwa nani, lakini atakuuliza ni nani aliyekwenda kukichukua. Hapo usiseme "mama." Usiniombee msamaha wala usinitetee, usimweleze kwamba nimezeeka au kwamba nalia. Sema jina langu tu, lile la zamani, ulitamke lote vizuri, halafu unyamaze. Akinyamaza naye, kunywa maji yako, cheza na Rehema. Jina litakuwa limeshaingia ndani, na atafanya nalo anavyotaka.

Jitahidi kusoma, mwanangu. Na ukitoka kwenye chumba hicho kidogo asubuhi, tandika kitanda.

Ni mimi mzazi wako,

Mama Paulina